Naomba ushauri: kaka yangu aende gerezani baada ya miaka 12?

Wakuu, kaka alihukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa uporaji. Akakata rufaa akiwa nje kwa dhamana, ikatupwa, na hakuna aliyekuja kumchukua. Hakujificha, hata namba ya simu ni ileile. Sasa ni seremala, ana mke na watoto wawili, pombe aliacha zamani. Juzi kaletewa barua ya kuripoti gerezani. Imekunjwa kwenye mfuko wa shati. Kila usiku anaitoa, anaisoma, anairudisha.

Mwaka 2014 huko Missouri, Marekani, jaji alimwachia mtu aliyesahauliwa hivyohivyo, akamhesabia muda aliokaa uraiani kama kifungo. Mimi naona ni haki (ni kaka yangu, lazima niseme hivyo), ila aliyeporwa je?

Aripoti kwanza, au wakili apeleke maombi mahakamani kabla?