Anauza lenzi zenye fangasi, na nyinyi mnamtetea!

Wadau wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko, leo sina picha ya ndege ya kuwaonyesha. Nina hasira, na nimeisoma mijadala yenu humu kwenye kikundi chetu cha wapiga picha, chini ya lile tangazo la lenzi iliyouzwa ikiwa na fangasi, mpaka nikashindwa kunyamaza.

Kuna kijana wa hapa Dunga mnayemjua kwa picha zake za furukombe. Alijinyima kwa muda mrefu, akipiga picha za harusi na za wageni wanaopanda mashua, hadi akapata shilingi 70,000 za kununua lenzi ya kuvuta mbali kwa ajili ya kamera yake ya Canon R10. Mwenzetu mmoja wa Nakuru akamuuzia EF 100-400mm f/4.5-5.6L (EF ni lenzi za mfumo wa zamani wa Canon), ile ya kwanza ya 1998, ambayo unakuza picha kwa kuvuta na kusukuma pipa lake. Tangazo lilisema "safi kabisa, vioo kama vipya". Pesa zikaenda kwa M-Pesa, mzigo ukaja na matatu. Siku iliyofuata kijana akaniletea niitazame. Niliwasha tochi ya simu upande wa nyuma nikachungulia kwa mbele, na nyuzi nyeupe zilikuwa zimetanda kama utando wa buibui kutoka ukingoni hadi karibu na katikati, kwenye kioo cha ndani ambako kitambaa hakifiki.

Alipoulizwa, jibu la kwanza la muuzaji lilikuwa kwamba Kisumu kuna unyevu wa ziwa, kwa hiyo fangasi imeotea huku. Usiku mmoja! Ni kweli ziwa lina unyevu, na sisi tunaoishi hapa tunajua masika yanavyoharibu vifaa. Lakini fangasi ya lenzi huhitaji giza, hewa isiyotembea na unyevu wa juu kwa wiki nyingi ndipo isambae kiasi hicho. Hiyo lenzi ilikaa muda mrefu kwenye kabati au kwenye mkoba wa ngozi, na aliyekuwa nayo alijua.

Baadaye akabadilisha maneno, akasema ni vumbi tu. Eti lenzi hizi za kuvuta na kusukuma zinajulikana kunyonya vumbi. Zinanyonya, sikatai. Ila vumbi ni vidoadoa vilivyotawanyika. Vumbi haliwi na nyuzi zenye matawi. Mtu aliyemiliki lenzi kwa miaka anaijua tofauti hiyo, na asiyeijua hana haki ya kuandika "safi kabisa" mbele ya watu.

Kilichonichoma zaidi ni picha za sampuli. Kabla ya kununua, kijana aliomba picha zilizopigwa kwa lenzi hiyo, akatumiwa kwa WhatsApp picha nzuri ajabu ya heroe (flamingo) wa Ziwa Nakuru. Sasa, picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa zilizofichwa ndani ya faili kuhusu kamera na lenzi hufutwa zote. Hazifutwi ukiituma kama dokumenti. Mimi picha ile niliikumbuka, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuiweka humu kwenye uzi wa picha, faili kamili. Nimeifungua. Inasema RF 100-500mm, lenzi ya mfumo mpya wa Canon, urefu wa fokasi milimita 500. Nyote mnajua lenzi inayoishia 400 haitoi 500. Picha ilipigwa na lenzi nyingine, kijana wa watu akaonyeshwa kana kwamba ndiyo anayonunua.

Na hata angepiga kwa lenzi ileile mbovu, jua likiwa mgongoni kwake na tundu la kupitisha mwanga likiwa limebanwa hadi f/8, picha ndogo ya simu ingeonekana salama. Fangasi hujifichua ukielekea kwenye mwanga. Tulishuka ufukweni jioni, jua likizama upande wa Ghuba ya Winam. Picha zote zikapauka, weusi wa mashua ukawa kijivu, mng'ao ukafunika mafunjo yote. Kijana wa Dunga mtaji wake ni machweo. Atamuuzia nani picha za namna hiyo?

Halafu nasoma hapa: "mnunuzi ajihadhari", "angepanda gari aende mwenyewe Nakuru". Mnamlaumu aliyeibiwa! Mwingine anashauri ifunguliwe isafishwe. Fangasi hutoa asidi inayokula utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, na ukishaliwa, kusafisha hakuurudishi. Tena lenzi ikifunguliwa na mtu asiye na vifaa vya kuipanga sawasawa, kioo kinakaa kimeinama kidogo na upande mmoja wa picha unakuwa na ukungu daima. Hiyo ndiyo dawa mnayompa mtu aliyetoa 70,000?

Jambo hili litaendelea kutuumiza. Tangu Canon walete mfumo wa RF mwaka 2018, watu wengi wamehamia kamera zisizo na kioo cha kuakisi, na lenzi za RF ni ghali mno kwa vijana wetu. Wanaponea EF za zamani pamoja na adapta, yaani kipete cha kuziunganisha na kamera mpya, na ni uamuzi wa busara: EF hukaa milimita 44 kutoka kwenye sensa, sehemu ya kamera inayonasa picha, RF 20, na adapta inajaza hizo 24 tu bila kuweka kioo chochote katikati. Ubora haupotei. Ndiyo maana kila lenzi iliyosahaulika kabatini sasa imepata soko, na wanaouziwa ni wale wenye pesa kidogo kuliko wote humu.

Kupima ni kazi ndogo mno. Lenzi ya EF ikiwa nje ya kamera, tundu lake hubaki wazi kabisa, kwa hiyo tochi ya simu inaonyesha kila kitu. Nataka kila tangazo la lenzi humu liwe na picha ya vioo vikiwa vimemulikwa kutoka nyuma, na angalau faili moja kamili iliyopigwa kuelekea mwanga. Asiyeweka, tangazo lisipitishwe. Muuzaji mkweli hapotezi chochote hapo.

Wewe wa Nakuru, unajijua na najua unasoma. Lenzi iko kwangu, imefungwa kama ilivyokuja. Rudisha pesa za kijana, zote, pamoja na nauli ya mzigo.

Na wasimamizi, jana ameweka tangazo jingine, lenzi ya 70-200 safari hii, na picha ya kwanza ni yule yule heroe. Liondoeni leo, kabla mtu mwingine hajatuma pesa.