Mwalimu wa baskeli: gharama gani natoa kabla ya kodi?

Kutoka Kikwajuni
Assalaam aleikum jamaa. Nipo nyumbani Unguja mpaka skuli za Uingereza zifunguliwe Septemba. Kule nafundisha watoto kupanda baskeli. Sina mwajiri, skuli zinanilipa kwa ankara. Hii ndiyo ritani yangu ya mwanzo, ile fomu ya kuwaeleza watu wa kodi mapato yako, na nimekuja na mfuko mzima wa risiti. Nitoe gharama zipi? Na ile peni 20 kwa kila maili ya baskeli, naipata?

Jibu kutoka Wete
Waaleikum salaam mwanangu. Nimeendesha teksi huko miaka mingi na hesabu nikizifanya mwenyewe. Peni 20 isahau, hiyo ni ya walioajiriwa. Aliyejiajiri ana kiwango cha maili kwa gari na pikipiki, baskeli haimo. Wewe unadai, yaani unapunguza kwenye mapato kabla ya kodi, ulichotoa mfukoni: tairi, mnyororo, breki, fundi, bima ya kazi, na baskeli yenyewe.

Lakini kama baskeli hiyo hiyo ndiyo ya kuendea dukani Jumamosi, usidai yote. Tuseme umeinunua pauni 600 na robo tatu ya matumizi ni kazi: unadai 450. Andika pahala hiyo robo tatu umeipataje, maana watu wa kodi wakikuuliza, watauliza hapo.

Nauli baina ya skuli na skuli inakubalika. Kutoka nyumbani kwenda pahala pale pale pa kazi kila siku, hapana. Helmeti na kizibao cha riflekta, ndiyo. Jinzi na raba hapana, hata uzivae kazini tu. Kozi ya kunoa ujuzi ulionao sawa, ile uliyosomea ili uanze kazi haimo. Na tiketi ya kuja Unguja usiitie, hata kama unawafundisha wapwa zako baskeli Mnazi Mmoja kila jioni!

Halafu jumlisha kwanza. Gharama zako zote zikiwa chini ya pauni 1,000, ziache, punguza badala yake ile nafuu ya pauni 1,000 anayopewa kila mwenye biashara ndogo. Huchukui vyote viwili.

Risiti zenyewe zipige picha leo. Zile za karatasi laini ya mashine hazistahamili joto letu. Wino unakwenda kijivu, kisha huoni hata bei. Zihifadhi miaka 5 baada ya tarehe 31 Januari, siku ya mwisho ya ritani hiyo.

Kutoka Kikwajuni
Ahsante sana ami. Ila kujiandikisha kwenyewe kwa watu wa kodi bado, na mwaka wenyewe wa kodi ulikwisha tarehe 5 Aprili.

Jibu kutoka Wete
Ala! Hilo ndilo la mwanzo, risiti baadaye. Mwisho wa kujiandikisha ni 5 Oktoba, na unaweza kwa intaneti ukiwa hapo hapo Kikwajuni. Ritani ya mtandaoni mwisho wake 31 Januari. Ikipita siku moja tu ni faini ya pauni 100, hata kama hudaiwi kodi.