Mjadala: Uingereza walikataza kumkimbiza mbweha kwa mbwa, sasa mbona shimoni bado anafuatwa?

Wakuu habari za saa hizi. Mimi nipo Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, huu mwaka wa nne nahudumia wazee majumbani, na kijiji tunachokaa hakuna kitu kinachogombanisha watu kama mbweha. Sio siasa wala mpira, ni mbweha. Kuna watu wawili pale baa wamekaa viti vya jirani miaka na hawasalimiani kisa hicho tu.

Kwa asiyejua, kisa chenyewe ni hivi. Tangu zamani mabwana wa mashamba huku walikuwa wanapanda farasi, makoti mekundu, tarumbeta, kundi la mbwa wakubwa wa kunusa thelathini arobaini, wanamkimbiza mbweha mmoja mashamba kwa mashamba mpaka achoke na mbwa wamalizane nae. Bunge likapitisha sheria ya kukataza 2004, ikaanza kazi 18 Februari 2005 kwa England na Wales. Scotland walikuwa wametangulia 2002, wakaja kukaza zaidi 2023. Ireland ya Kaskazini mpaka leo ruksa. Na haikupita kirahisi, mabwana wa baraza la juu waligoma ikabidi wabunge watumie ile sheria yao ya kuwaruka, na 2002 watu zaidi ya laki nne walijaa mitaa ya London kutetea maisha ya shamba na uwindaji ukiwemo. Septemba 2004 vijana wanaotetea uwindaji wakaingia mpaka ndani ya ukumbi wa Bunge kikao kinaendelea. Tony Blair, ambae ndo alikuwa waziri mkuu, baadae aliandika mwenyewe kwamba anaijutia.

Sasa hoja yangu. Wote wanabishana juu ya farasi na makoti mekundu kwa sababu ndo yanaonekana kwenye picha. Mimi nasema ubishi wa kweli uko chini ya ardhi, na hakuna anaeinama kuangalia.

Kuna mbwa wanaitwa teria, jina lenyewe limetokana na neno la ardhi kwa Kifaransa, kazi yao kuingia shimoni. Hapa Devon ndo alikuwa mchungaji wa kanisa John Russell, 1795 mpaka 1883, mchungaji kweli wa kuhubiri lakini akili yote kwenye mbwa, ndo hawa Jack Russell mnaowaona kwenye sofa za watu. Inasimuliwa alipokuwa mwanafunzi Oxford 1819 alimuona jike mmoja mweupe na muuza maziwa akamnunua palepale, akamwita Trump (sina utani, ndo jina), kizazi chote kikaanzia hapo. Weupe una maana yake, mbwa akitoka shimoni kajaa udongo usije ukamchanganya na mbweha.

Mzee mmoja ninaemhudumia alikuwa mlinzi wa ndege wa kuwindwa kwenye shamba kubwa, siku hizi magoti hayamruhusu, kazi kamwachia mtoto wa dada yake. Alinionyesha jinsi ya kupima teria. Unamshika kifua nyuma ya miguu ya mbele kwa viganja viwili, vidole vikikutana juu na chini basi huyo anaingia shimoni, visipokutana huyo ni wa kulala mbele ya moto. Mbwa mwenyewe amemzeekea, pua imejaa makovu meupe kama mtu aliyeungua mafuta ya maandazi.

Mwaka jana huyo mpwa akanichukua nikaone. Mbwa mmoja tu, ndo sheria, kola ina kifaa cha redio kinachopiga mlio, unapita juu ya nyasi na kipokeo mkononi mpaka mlio ukolee, hapo ndo alipo. Jamaa akalala chini sikio kwenye udongo. Na mimi nikalala. Aisee unasikia kubweka kama kunatoka ndani ya mto wa kulalia, kunakatika, kunaanza tena. Akasema mbwa mzuri anabweka mbele ya mbweha bila kumvamia, mpaka mbweha aone bora atoke nje, na nje yuko mtu na bunduki. Siku hiyo hakutoka. Wakachimba kwa beleshi kama saa moja na nusu, kimo cha mtu mpaka kifuani. Sitaki kusema yote niliyoyaona, mbweha alipigwa risasi haraka, hilo nakiri, lakini mbwa alitoka mdomo umechanika.

Nikauliza hii si ndo imekatazwa? Akatoa karatasi mfukoni imekunjwa mara nne. Ruhusa ya mwenye shamba. Maana sheria ya 2004 iliacha tundu, unaruhusiwa kuingiza teria mmoja chini ya ardhi ukiwa na ruhusa ya maandishi, kwa sababu moja tu, kulinda ndege wanaofugwa ili wapigwe risasi. Someni tena hapo. Sio kulinda kuku, sio wanakondoo. Fesanti! Wale ndege wa mkia mrefu wanaoachiwa porini kwa mamilioni kila mwaka ili watu walipe kuja kuwatungua. Mwenye kondoo hana ruhusa ya kuingiza teria shimoni, mwenye ndege wa starehe anayo.

Msimamo wangu: kama ni ukatili, fungeni na shimo. Kama ni kazi ya lazima, mpeni na mwenye kondoo. Katikati hapa ni kulinda starehe ya mwenye nacho kwa jina la huruma. Karibuni mnipinge.

Mjukuu wa Msasi: Mkuu mimi nakupinga kutokea mbali. Kwetu Unguja wasasi wanatoka na mbwa kusaka nguruwe mwitu, muhogo wa mtu ukiliwa usiku mmoja miezi sita imekwenda. Nguruwe mwenyewe sisi hatumli. Hakuna aliyewahi kumwita msasi katili, anaitwa kwa heshima na akipita anapewa maji. Sasa Mzungu alikuja kutufundisha nini? Huko Kenya enzi za ukoloni masetla walileta mbwa wao kwa meli, na kwa vile mbweha mwekundu hakuna wakawa wanakimbiza bweha wa nyikani (jackal), farasi na tarumbeta vilevile, na katika nchi hiyohiyo miaka ya hamsini Wawata wa Tsavo, watu wa kuwinda tangu mababu, wanafungwa jela kwa upinde na mshale, wanaitwa majangili. Ikapita kwa mwenye farasi ikaitwa mchezo, kwa mwenye upinde ikawa kesi.

Kuku wa Kienyeji: Nyie mnaongea falsafa mimi niko Wales nafuga kuku. Usiku mmoja nilisahau kufunga kibanda, ni kosa langu nakubali, asubuhi nakuta kumi na nne wamelala, vichwa vingine havipo, kachukua mmoja tu! Mbweha akiingia kwenye banda anaua mpaka kitu kisitikisike. Kwa hiyo mtu asiniambie habari za mnyama mzuri mwenye mkia. Lakini nikwambie ukweli mleta mada, sijawahi kuhitaji teria. Nilifunga waya wa umeme na jirani anakuja usiku na bunduki yenye darubini ya joto, mara moja kwa mwezi, basi. Shimo ni la watu wanaopenda kuchimba.

Wakili wa Mtaa: Naweka sawa kidogo maana watu wanachanganya. Sheria haikukataza kuua mbweha. Mbweha anapigwa risasi kila siku kihalali. Kilichokatazwa ni kumwinda mamalia wa porini kwa mbwa, na kuna misamaha: mbwa wawili wa kumfurusha aende kwenye bunduki, panya ruksa, sungura ruksa kwa idhini ya mwenye ardhi. Adhabu yake ni faini tu, jela hakuna. Ndo maana watu wanaichezea. Kuhusu shimo, kile kifungu kililetwa kwa sababu wenye mashamba ya ndege walikuwa na sauti, bila hivyo muswada ungekuwa mgumu zaidi. Siasa, mkuu. Na tume ya Lord Burns ya 2000, ambayo serikali yenyewe iliiunda, haikutumia neno ukatili. Ilisema kukimbizwa kunaathiri vibaya sana hali ya mbweha, na kuhusu shimoni pia haikusifu.

Mtoto wa Bandarini: Mada za Wazungu na vimbwa vyao zinatuhusu nini jamani, mafuta yamepanda bei.

Mleta mada: Bandarini, nalipa kodi huku, zinanihusu. Mafuta yana uzi wake.

Mjukuu wa Msasi nimekusoma, na nakubali nusu. Lakini angalia ulichosema, msasi wenu anamfuata nguruwe aliyekula muhogo. Ana sababu na kijiji kinaiona shambani. Mimi nauliza huyu wa farasi sababu yake iko wapi. Maana baada ya 2005 walibuni kitu, mtu anatangulia anaburuta kitambaa chenye harufu, mara nyingi mkojo wa mbweha, mbwa wanafuata kitambaa na wanasema hapa hakuna anaewindwa. 26 Desemba wanajikusanya mjini, farasi wanatoa mvuke puani, kina mama wanagawa mvinyo na soseji, kwa kweli inapendeza, siwezi kusema uongo. Ila nyuma kabisa ya msafara utawaona jamaa wawili kwenye pikipiki ya magurudumu manne, wana beleshi na kisanduku, na ndani ya kisanduku teria. Ukiwauliza wanasema wanarekebisha uzio. Sasa nyie niambieni, ukifuata kitambaa teria wa nini? Kitambaa kinaingia shimoni?

2020 mmoja wa viongozi wao alinaswa kwenye mkutano wa mtandaoni akiongelea kitambaa kama kiini macho, 2021 akatiwa hatiani, 2022 akashinda rufaa. Sawa, mahakama imesema hana hatia, naheshimu. Lakini National Trust, shirika la hisani la kutunza mashamba na majumba ya kale, wenye ardhi kubwa, wakaacha kutoa vibali vya kitambaa 2021 baada ya wanachama wao kupiga kura, na chama cha Labour kikaahidi kwenye ilani ya 2024 kukikataza kabisa.

Mjukuu wa Msasi: Na shimo je, wameahidi?

Mleta mada: Ndo nilikokuwa nakuja. Ahadi ile ni ya kitambaa. Watakataza makoti mekundu, watapigiwa makofi, na karatasi ya mpwa wa mzee itabaki mfukoni ilivyokunjwa.

Kuku wa Kienyeji, wewe ndo umenitikisa. Mimi nilikuwa nafikiri mtu wa mifugo ndo anaonewa na sheria, kumbe wewe unasema huhitaji. Nikamuuliza jirani yangu mwenye kondoo, ana majike kama mia mbili, msimu wa kuzaa hapati usingizi. Akasema wanakondoo wengi wanaokufa wanakufa kwa baridi na magonjwa, mbweha anachukua wachache, ila akizoea zizi anarudi kila usiku na pale kwake milimani bunduki haioni, vichaka tupu, huyo wa shimoni ndo angemfaa. Alimfuata mpwa wa mzee kumwomba aje na teria. Jamaa akamjibu hawezi, karatasi inasema ndege.

Wakili wa Mtaa: Na alijibu vizuri. Angekuja, wote wawili wangekuwa matatani.

Mleta mada: Alijibu vizuri ndio. Ila juzi jirani kanisimamisha getini, mikono mfukoni, anaangalia pembeni kama mtu anaetaka kukopa, ananiuliza mzee wako bado anajuana na wanaouza vifaranga vya fesanti, kwa bei gani, na ukifuga ishirini inatosha?