Binti yangu anataka kuacha sayansi ya kompyuta, nimshauri nini?

MamaKayole: Hamjambo wote. Binti yangu yuko mwaka wa kwanza chuoni. Darasani wasichana ni sita kati ya wanafunzi zaidi ya hamsini, na wavulana wengi walianza kuandika programu tangu sekondari. Shuleni kwa binti yangu somo la kompyuta halikuwepo. Mhadhiri akiuliza, wavulana wameshajibu. Binti akiuliza, kuna wanaocheka. Sasa anataka kuhamia ualimu, na baba yake anasema ahame mapema, karo isipotee bure. Mimi ni fundi cherehani, kompyuta siijui, lakini mtoto wangu namjua: hesabu ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, alipata A, na kozi hii aliichagua mwenyewe. Nimwache ahame?

Dada_wa_Juja: Mama, asihame kwanza. Huu ni mwaka wangu wa tisa nikilipwa kwa kuandika programu, na niliingia chuo sijui hata kuhifadhi faili. Nilikesha siku tatu nikitafuta kosa, kumbe ni nukta-mkato (;) moja. Hao wavulana hawamzidi akili, wamemtangulia tu. Tulipofika kwenye miundo ya data, yaani namna za kupanga taarifa ndani ya programu, sote tulikuwa wageni.

Chuo cha Carnegie Mellon, Marekani, kiliona jambo hilohilo. Mwaka 1995 wasichana walikuwa asilimia 7 tu ya walioanza sayansi ya kompyuta. Katika kuchagua wanafunzi, kikaacha kutanguliza waliokwisha kuandika programu, na wasio na uzoefu wakapewa pa kuanzia. Mwaka 2000 wasichana walifika asilimia 42.

Mzee_Umoja: Baba naye ana haki ya kuogopa, karo ni jasho. Binti aulize ofisini siku ya mwisho ya kuhama kozi ni lini, asome kwa bidii mpaka hapo, kisha mkae chini kama familia.

Nyawira_K: Hao sita wasome pamoja, Jumamosi wakutane maktaba ya Eastlands pale Makadara. Na awatafute AkiraChix. Tangu 2010 wanawafundisha wasichana teknolojia hapa Nairobi, na walioianzisha ni wanawake wa fani hiyohiyo. Kuhusu wanaocheka, amwendee mhadhiri ofisini, amweleze wazi. Kunyamaza ndiko kulikonitoa mimi darasani, na bado kunaniuma.

MamaKayole: Asanteni sana wanangu, nawe mzee. Nimemsomea haya yote kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema wenzake wawili nao walikuwa wakiwaza kuhama, kila mmoja kivyake. Jumamosi wanakutana Makadara. Nauli nimemtumia.