MJADALA: Je, ndege wa Wilson avuliwe jina la Wilson?

Ndugu aliyenitangulia amesema, kwa ufupi, kwamba Alexander Wilson, mwandishi wa kale wa habari za ndege, hana doa linalostahili adhabu, na kwa hiyo ndege mdogo wa ufukweni anayeitwa kwa Kiingereza Wilson's Plover aachiwe jina lake. Naikubali nusu ya kwanza ya kauli hiyo na kuikataa ya pili, kwa kuwa suala hili limegeuzwa kesi ya jinai ilhali kiini chake ni lugha.

Kwa asiyefuatilia, Novemba 2023 chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani, American Ornithological Society, kilitangaza kwamba kitabadilisha majina yote ya Kiingereza yanayotokana na watu kwa ndege walio chini ya mamlaka yake, kikianza na spishi 70 hadi 80 za Marekani na Kanada. Miaka mitatu kabla yake kilikuwa kimeliondoa kwa ndege mwingine jina la McCown, jenerali wa upande uliopigania kudumisha utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na malumbano yaliyofuata yalionyesha ugumu wa kumpima kila marehemu peke yake. Uamuzi wa kuyabadilisha yote, basi, si hukumu dhidi ya kila aliyetajwa.

Wilson mwenyewe alikuwa mfumaji na mshairi kutoka Paisley, Uskoti, aliyefungwa kwa sababu ya shairi la kumkejeli mwenye kiwanda, kisha akahamia Marekani mwaka 1794. Mei 1813 alimpata ndege huyu Cape May, New Jersey. Agosti ya mwaka huohuo akafariki dunia kabla ya kuikamilisha kazi yake kubwa juu ya ndege wa Amerika. Rafiki yake George Ord ndiye aliyeimalizia, na mwaka 1814 akampa ndege jina la marehemu. Ni tendo la urafiki, wala silidharau. Lakini je, jina hilo linamwambia nini mtu aliyesimama kwenye kamba iliyozungushiwa eneo la viota, akimtafuta kwa macho ndege asiyefika urefu wa viganja viwili?

Mtazameni ndege mwenyewe. Mgongo wake una rangi ya mchanga uliolowa, na kifua cheupe kimekatwa na mkanda mmoja. Hukimbia hatua chache, husimama ghafla, kisha hukimbia tena. Kinachomtenga na jamaa zake wa ufuo uleule ni mdomo: mweusi, mrefu kidogo na mnene kupita kiasi, kana kwamba ameazimwa na ndege mkubwa zaidi. Mdomo huo una kazi. Chakula chake kikuu ni vikaa wadogo wa matope, wale ambao dume lao lina gando moja kubwa. Humnasa kaa, humtikisa mpaka miguu na gando vikatike, kisha humeza kiwiliwili. Wasemaji wa Kihispania na Kireno humwita kwa majina yanayoutaja mdomo huo, na Wabrazili husema *batuíra-bicuda*. Kwa Kiingereza pia *thick-billed plover*, yaani mwenye mdomo mnene, limewahi kutumika. Hakuna haja ya kubuni lolote.

Wapo watakaosema kwamba, tukimwondoa mtu, tuweke mahali. Hapo Wilson mwenyewe anatuonya bila kukusudia. Ndiye aliyewaita ndege wengine kwa Tennessee na Cape May kwa sababu tu vielelezo vya kwanza vilipatikana huko. Yule wa Tennessee hupita tu akiwa safarini kwenda kuzaliana misitu ya kaskazini, na yule wa Cape May ilichukua zaidi ya miaka mia moja kabla ya kuonekana tena mahali palipompa jina. Ndege tunayemjadili naye, ambaye leo mpaka wake wa kaskazini wa kuzaliana uko takriban Virginia, angepotosha vilevile kama angepewa jina la ufuo aliopatikana.

Hoja ya uthabiti ni nzito zaidi, na sitaki kuipuuza: vitabu, kumbukumbu za hesabu za ndege na sheria za hifadhi hutumia jina lililozoeleka. Hata hivyo, jina la kisayansi la spishi, *wilsonia*, haliguswi, kwa kuwa kanuni za kimataifa hazibadilishi jina kwa sababu ya ladha. Anayetaka kumkumbuka Wilson atamkuta humo. Tena, sehemu ya kwanza ya jina hilohilo la kisayansi ndiyo iliyohama karibuni, kutoka *Charadrius* kwenda *Anarhynchus*, neno lililotungwa kwa ajili ya ndege wa New Zealand ambaye mdomo wake umepinda kuelekea kulia. Huyu wetu ana mdomo ulionyooka kabisa, na sikusikia yeyote akilia kwamba uthabiti umevunjwa.

Kinachonisumbua bado ni nani atakayechagua. Ndege huyu hufika Brazili upande wa Atlantiki na Peru upande wa Pasifiki, ilhali chombo kinachoamua ni cha kaskazini. Ndugu aliyenitangulia anapotetea jina la zamani, naomba atueleze pia kama angekuwa radhi wavuvi na walinzi wa fukwe hizo za kusini, ambao tayari humwita kwa mdomo wake, waulizwe kwanza.