Naomba ushauri: miti iliyosuguliwa na kulungu dume inaonyesha njia ya jioni au ya asubuhi?

Heshima kwenu wakuu, hasa mnaowinda kulungu mkia-mweupe huku Marekani. Niko Ohio, nawinda kwa upinde, na hii ni wiki ya mwisho ya Oktoba.

Kuna miti saba iliyosuguliwa kwa pembe, mstari wa kama mita 150 kutoka kichaka anakolala dume hadi ukingo wa shamba la mahindi. Mitano iliyo karibu na kichaka ni myembamba kama kifundo cha mkono, nayo imechunwa upande unaotazama kichaka. Kwa kuwa dume husugua upande anaotokea, nikaelewa anapita jioni akienda kula. Lakini miwili ya karibu na shamba, mierezi minene kama paja, imechunwa upande wa shambani, na utomvu bado mbichi.

Ukingoni pia amekwaruza ardhi kwa kwato chini ya tawi lililotafunwa. Kamera ya siku 10 inamwonyesha hapo kati ya saa 4 na saa 9 usiku tu. Nimekaa mtini jioni tatu, mita 20 kutoka hapo: majike matupu. Naogopa kusogea ovyo, maana akinusa harufu ya mtu karibu na malalo yake atahama njia.

Naomba kujua:
Je, ile mierezi miwili ni ya kurudi alfajiri, au ni dume mwingine?
Kichaka kiko magharibi, upepo unatoka kaskazini-magharibi. Nikihamia kusini mwa njia, nikaribie kichaka hadi mita ngapi?