Kabla ya Seyyid Said, Unguja ilikuwa ya nani?

mpenda_zamani
Wakuu salaam. Shuleni tulisoma Seyyid Said, Sultani wa Oman, katoka Muscat kahamia Unguja, mashamba ya karafuu, alafu Waingereza, basi. Ina maana kabla yake kisiwa kilikuwa kitupu? Wenyeji walikuwa na mtawala wao au kila kijiji kivyake? Na ardhi ilitokaje mikononi mwao, hilo ndo linanisumbua zaidi.

Kisimani
Kitupu wapi ndugu yangu. Pango la Kuumbi kule Jambiani wamechimbua zana za mawe za watu walioishi hapo kama miaka 20,000 iliyopita, enzi hizo maji ya bahari yalikuwa chini na Unguja imeshikana na bara. Baadae sana, karne ya 6 na ya 7, ukaja mji wa Unguja Ukuu, wakulima na wavuvi wenye asili ya bara lakini wanafanya biashara na Uajemi, India, hadi vyombo vya China vimeokotwa pale. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, hesabu mwenyewe ni zaidi ya miaka 700 kabla Seyyid Said hajahamia!

mjukuu_wa_kusini
Na mtawala alikuwepo, aliitwa Mwinyi Mkuu. Yeye ndo mkubwa wa Wahadimu, wenyeji wa kusini na katikati ya kisiwa, Watumbatu wa kaskazini walikuwa na mtawala wao. Alikuwa na siwa (pembe kubwa ya kupulizwa) na ngoma zake, hizo ndo alama za enzi, bila hizo hujatawala. Wareno walipokuja 1503 walimlazimisha mtawala wa hapa awe analipa dhahabu kila mwaka. Alafu kuna malkia Fatuma, huyu watu wanamsahau sana na inaniuma, Waarabu wa Oman walipoizingira Fort Jesus kule Mombasa (1696 mpaka 1698) yeye alikuwa upande wa Wareno akawapelekea chakula, ngome ilipoanguka akakamatwa akapelekwa Muscat.

mpenda_zamani
Dah, asanteni sana. Kwa hiyo Seyyid Said alipohamia huyo Mwinyi Mkuu akaondolewa?

mjukuu_wa_kusini
Hakuondolewa mkuu, na hapo ndo pa kuangalia vizuri. Aliachwa na cheo chake, akajenga jumba Dunga, kazi yake ikawa kukusanya kodi na kutoa watu wa kufanya kazi kwa ajili ya Sultani. Huku upande wa magharibi, kwenye udongo mzuri, mikarafuu inapandwa na watumwa walioletwa toka bara ndo wanailima, na Wahadimu pole pole wanasogea mashariki na kusini kwenye uwanda, jiwe tupu, unalima kwenye vishimo vya udongo katikati ya mawe. Bibi yangu alilima huko maisha yake yote. Kwa hiyo jibu la swali lako la ardhi ni kwamba iliondoka wakati mtawala wa wenyeji bado amekaa kwenye kiti, Mwinyi Mkuu Muhammad alifariki 1865 na mwanawe aliyemfuata hakukaa muda mrefu, baada yake hakuna tena.

Kisimani
Niongezee, Waingereza walipoweka himaya 1890 walikubaliana na Wajerumani, Ujerumani ikapewa kisiwa cha Heligoland kule Ulaya, na hakuna Mhadimu wala Mtumbatu aliyeulizwa. Agosti 1896 Khalid bin Barghash, wa ukoo wa Sultani, akakalia kiti bila idhini ya Waingereza, wakalipiga mizinga jumba la Sultani kwa dakika kama 40 hivi, upande wa jumba wakafa na kujeruhiwa watu kama 500. Utumwa ukafutwa 1897 lakini mashamba yakabaki kwa wenye mashamba, aliyekuwa mtumwa anabaki hapo hapo kama mpangaji asiye na kipande chake.

mpenda_zamani
Nimewaelewa vizuri sana. Jumba la Dunga bado lipo?

mjukuu_wa_kusini
Ni magofu, ila kuta zipo. Ukitoka mjini unaelekea Chwaka unalikuta njiani.